Umri Aliopewa Chiriku

Asubuhi hiyo mashine ya kukamua ilikuwa imeharibika, kwa hiyo wanawake wa kiwanda cha kufulia walikuwa wakisokota mashuka ya hospitali kwa mikono, wawili wawili, mmoja huku na mwenzake kule, maji yakichuruzika sakafuni. Mama Chiriku alisimama mlangoni mwa ofisi ya msimamizi, ameegemea mkongojo, akiwatazama. Sakafu ile ile ndiyo iliyomtelezesha na kumvunja nyonga. Nafasi yake kwenye pasi ya mvuke ilikuwa bado haijajazwa, ila msimamizi alikuwa ameshamtumia ujumbe: alete mtu wa kwake, au asahau.

Mtu wa kwake alikuwa nyuma yake, amevaa sare ya shule, anatafuna ukosi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Majirani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na jina likamganda hata mama yake akalizoea.

"Ana kibali?" msimamizi aliuliza.

Mama Chiriku alikuwa ameshapita kwa afisa wa kazi. Afisa alimweleza kila kitu kwa upole. Mwanafunzi wa umri huo aweza kupewa kibali, afanye kazi nyepesi, baada ya masomo, mwalimu mkuu akubali, awe nyumbani kabla ya giza, na asikaribie boila wala pasi ya mvuke. "Ni kwa ajili ya kumlinda, mama," alisema, na mama akamshukuru.

"Kibali tunaweza kukipata," alijibu sasa.

"Mwenye kibali hawezi kukaa kwenye pasi. Wakaguzi watanila nyama. Na kazi nyepesi sina, nina pasi tu." Msimamizi hakuwa mkali. Alimtazama msichana, kisha akamtazama mama mtu. "Kwani ana miaka mingapi?"

Chiriku alifungua mdomo ajibu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mama akamuwahi.

"Kumi na minane," alisema bila kupepesa macho. "Ametimiza juzi juzi."

"Basi aanze kesho."

Njiani kurudi nyumbani Chiriku hakusimulia chochote. Walipokaribia mlango ndipo akasema, "Mama, kesho tuna jaribio."

"Jikaze kisabuni, mwanangu. Ni kwa muda tu."

Kulipokucha Chiriku alikuwa na miaka kumi na minane. Miguu yake ilipita mwisho wa kitanda. Kidevu kilikuwa kimechongoka, na chini ya goti palikuwa na kovu kuukuu ambalo mama yake hakulifahamu. Mama akalitazama lile kovu, halafu akainamia jiko na kupuliza moto.

"Kunywa chai, utachelewa."

Sare haikumwingia tena. Walipita kwa jirani yao, fundi cherehani, ambaye aliigeuza geuza huku ana pini midomoni. "Miaka mitatu hii," alisema. "Pindo nililoacha halifiki huko. Mpe gauni lako." Mama akampa.

Mchana mmoja boila ilipozimwa isafishwe, Chiriku alikwenda shuleni. Mwalimu wa darasa alimpokea vizuri sana, akamvutia kiti, akamwuliza kama yeye ndiye dada wa yule mwanafunzi aliyeacha kuja. Wenzake wakamwamkia shikamoo, nusu kwa utani, nusu kwa kuwa hawakujua la kufanya. Akaitikia marahaba. Alipomsimulia mama yake hayo, aliyasimulia kwa maneno machache, na mama akajifanya anatafuta chumvi.

Nyonga haikupona. Daktari alisema ni ya kupasuliwa, na mshahara wa pasi usingefika huko. Wakati huohuo mzee wa boila akastaafu. Kanuni zilitaka pale awekwe mtu mzima aliyetulia, asiyepungua miaka thelathini. Msimamizi akaja mwenyewe nyumbani, amebeba mfuko wa sukari, akakaa kwenye kiti pekee chenye mgongo.

"Binti yako ni mchapakazi," alisema. "Mimi nikimtazama namwona ana thelathini. Sijui wewe uliyemzaa unasemaje."

Chiriku alikuwa mlangoni, ana taulo begani. Safari hii hakufungua mdomo. Alimtazama mama yake, akangoja.

Mama Chiriku akautazama mguu wake. "Thelathini," alisema.

"Sema kwa sauti, mama. Masikio yangu yameharibiwa na mashine."

"Thelathini!" Hata nyumba ya pili walisikia.

Kesho yake Chiriku aliamka na mistari pembeni mwa macho na mikono mipana, yenye ngozi ngumu. Sauti ilikuwa imeshuka. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kuwasha boila. Mama mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na sita. Kwenye bomba la maji watu waliwadhania ndugu, na mpangaji mmoja mgeni, asiye na hili wala lile, akauliza mkubwa ni yupi. Mama Chiriku aliona afadhali ardhi ipasuke immeze. Chiriku akajaza ndoo zote mbili, akamtangulia.

Nyonga ikapasuliwa, ikapona vizuri. Siku ya kwanza mama alipoweza kutembea bila mkongojo, alitia mfukoni nguo za kubadili na mswaki, akaenda kwa afisa wa kazi kujisalimisha.

"Nimemwongezea mwanangu miaka kumi na mitano," alisema kabla hajakaa. "Nifungeni."

Afisa akaweka kalamu chini. "Yuko wapi?"

"Kule kwenye kufulia."

"Kule nimekagua juzi, mama. Sikukuta mtoto hata mmoja. Wote ni watu wazima. Wapo wanaolia saa ya chakula wakiwataka mama zao, lakini ni watu wazima."

"Nilisema uongo."

"Uliposema ulikuwa uongo. Sasa si uongo tena, na mimi sheria yangu ni ya watoto." Alionekana kusikitika kweli. "Kuongeza umri watu wanaongeza. Wa kuupunguza bado hatujampata."

Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamsifu kwamba anatembea vizuri kabisa, huwezi kujua aliwahi kuumia. Mama Chiriku alirudi na mfuko wake, akiinamisha kichwa kila alipopishana na wanafunzi.

Jioni Chiriku aliporudi, mama alimpakulia, akaketi mbele yake. "Nisamehe, mwanangu."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alizitamani. Mbele yake palikuwa na mwanamke aliyechoka, anayekula polepole ili asilale kabla sahani haijaisha.

"Mama," alisema Chiriku, "nilipokuwa na miaka ishirini nilikuwaje?"

Neno la kweli, hukuwa, lilikuwa fupi, nalo lilimfika mama ulimini. Akalirudisha.

"Ulikuwa ukipita, watu wanageuka."

"Nilikuwa nacheka?"

"Mpaka majirani wanagonga ukuta."

"Shule nilimaliza?"

"Ulimaliza. Nilikaa mstari wa mbele, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha."

"Nilikuwa na mtu?"

"Mwaka uliofuata," alisema mama, uso ukimwaka moto. "Huo nitakusimulia kesho."

Tangu hapo kila jioni Chiriku aliuliza mwaka mmoja. Mama alishinda akiitunga miaka hiyo huku anaosha vyombo, akiangalia isigongane. Chiriku alisikiliza amefumba macho, na mara nyingine alimsahihisha: "Hapana, mama, wakati huo ulisema nywele zangu zilikuwa fupi." Mama akasema ni kweli, zilikuwa fupi, amechanganya. Hakuwahi kusema uongo mwingi kiasi hicho maishani, na wala hakuweza kumtazama usoni akiusema.

Jumatatu alasiri fundi cherehani alibisha hodi. Alikuwa na binti yake wa miaka kumi na minne, anayeficha mikono nyuma.

"Jirani, macho yangu hayaoni tena tundu la sindano," alisema. "Nampeleka kule kwenye kufulia. Eti msimamizi anapenda aambiwe kumi na minane, au niseme zaidi kabisa?"

"Usimpeleke."

Fundi akamtazama nyonga, kwa muda, bila ubaya wowote. "Wewe unatembea, jirani," alisema.

Fundi akamshika binti yake mkono, wakaondoka kwa njia ya kiwandani.

Mama Chiriku akarudi jikoni, akabandika maji. Jioni ile ilikuwa zamu ya mwaka wa ishirini na nne, naye alikuwa bado hajaamua kama mwaka huo mwanawe alikuwa na furaha.