Alama ya Mume Wetu

Bibi alikuwa tayari tangu asubuhi: gauni la kutokea, viatu vya kamba, na kofia ngumu ya pikipiki iliyomkaa kichwani kama sufuria. Alikalia kreti katikati ya karakana ya mjukuu wake, mkoba mapajani, na kila baada ya dakika kumi aliuliza kama mashine imepona. Mjukuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi mpaka jina lake la shule likasahaulika, alijibu kila mara kwamba bado kidogo. Bado kidogo hiyo ilikuwa na saa nne sasa.

Dada mkubwa wa Bibi, anayekaa ng'ambo ya kilima, alikuwa anahamia kwa mwanawe, mbali kweli kweli, na gari la kumchukua lilikuwa linafika saa tisa alasiri. Hawakuwa wameonana kwa miaka minne. Kuzunguka kwa barabara ni safari ya siku nzima, na ile njia ya kukata kilima inapitika kwa pikipiki tu. Madereva wa kijiweni walimpenda sana Bibi, lakini kila alipotaja kilima walikumbuka shughuli nyingine. Bibi ana mwili, hilo halina ubishi. Yeye mwenyewe hakukubali kusema kwamba amemkumbuka dada yake. Alisema anafuata mkasi wake, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, ulioazimwa kwa wiki moja miaka thelathini iliyopita.

Basi Fundi akaamua kumtengenezea Bibi injini ya kilima. Chini aliacha krenki inayozungushwa na pistoni, na kesi zinazoifunika, za pikipiki ya marehemu babu. Juu akafunga silinda na hedi inayoifunika kutoka pikipiki iliyogongwa, na ndani ya hedi akaitoa kamshafti ya zamani, akaweka ya pikipiki ya mizigo, yenye ndimi ndefu zinazofungua valvu kwa kina zaidi ili injini ivute pumzi ya kutosha. Vyote viliingia vizuri, akapiga mluzi. Ikabaki taimingi tu, yaani kuhakikisha valvu zinafunguka na kujifunga kwa wakati wake pistoni inapopanda na kushuka.

Hapo ndipo mluzi ulipokatika. Alilinganisha alama ya gurudumu la magneti, linalozunguka pamoja na krenki, na alama ya kesi, akavalisha cheni, akazungusha kwa mkono, taratibu. Injini ikagoma. Kitu kilikuwa kinagusa kitu, na Fundi alijua ni nini: valvu ilikuwa inabusu pistoni. Angepiga kiki, valvu ingepinda na safari ingeishia hapo kwenye kreti. Akafungua, akarudia. Ikagusa palepale. Saa sita ikapita, naye akahisi machozi yanamlenga, akasingizia petroli.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwita, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto wa kubebwa, "hebu niambie shida. Nimeshona miaka arobaini, sishindwi kuelewa bomba."

Fundi akamweleza kwamba anatafuta mahali pistoni inapofika juu kabisa. Tabu ni kwamba ikikaribia juu inazubaa: unazungusha gurudumu na yenyewe haionekani kusogea, kwa hiyo jicho halisaidii. Na alama ya gurudumu ameanza kuitilia shaka.

Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa mlango uko wapi na mtu aliyesimama mlangoni. "Katikati ya shingo ya gauni huwa unapapata kwa kukodoa macho?" aliuliza. "Si unakunja."

Fundi alisimama na spana mkononi. Kisha akaanza kucheka, na mikono ikamtangulia. Akatoa cheni kwenye spoketi, gurudumu la meno la kamshafti, akaishika isianguke, akafunga kwenye tundu la plagi boliti iliyochomoza ndani kidogo ili iizuie pistoni njiani. Akazungusha kulia mpaka ikagota. Bibi akachora mstari kwa chaki yake ya kushonea. Akazungusha kushoto mpaka ikagota. Mstari wa pili. Bibi akatoa futi ya cherehani mkobani, akapima kati ya mistari: sentimita nane. Akaikunja futi, akachora kwenye nne. Hapo ndipo juu kabisa.

Ile alama ya zamani ilikuwa pembeni yake, milimita ishirini na mbili. Fundi akazungusha futi gurudumu zima, na nusura aidondoshe: sentimita thelathini na sita kamili. Nyuzi mia tatu na sitini, kila milimita nyuzi moja. Nyuzi ishirini na mbili ni jino moja la spoketi. Akaifuta grisi ile alama ya zamani, akainama. Haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa imekwaruzwa kwa msumari.

"Huyo ni mume wetu," alisema Bibi. "Aliikwaruza mwenyewe, akajisifu wiki nzima."

Miaka yote hiyo babu alikuwa akifika penye jiwe kubwa la kilimani, injini inaishiwa nguvu, anamwambia mkewe ashuke atembee, maana amekuwa mzito. Na miaka yote hiyo Bibi alishuka.

"Kumbe si makalio yangu," alisema Bibi.

Walicheka mpaka kofia ikadondoka. Fundi akasogeza cheni jino moja kufuata chaki ya Bibi, akazungusha mara mbili, tatu, ikateleza bila kugusa. Kiki ya kwanza ikakohoa, ya pili ikanguruma, na karakana nzima ikatetemeka kwa raha.

Kijiweni Bibi aliwapungia madereva mikono yote miwili, Fundi akimsihi ashike. Kilima kikaanza. Penye jiwe kubwa Fundi alisikia magoti ya Bibi yakijiandaa kushuka, kwa mazoea. Akaongeza mafuta. Injini ikapanda bila kuomba radhi, na Bibi akaliimbia jiwe wimbo aliotunga papo hapo, wenye maneno yasiyofaa kuandikwa.

Walifika saa nane na nusu. Dada alikuwa amekalia sanduku lake uani, mkasi mkononi, umefungwa kitambaa. Alisema anajua kilichomleta mtu, basi achukue, wiki imekwisha.

Bibi aliufungua, akachezesha makali yake mara mbili, akaufunga tena. Kisha akautumbukiza kwenye mkoba wa dada yake na kuvuta zipu.

"Kaa nao," alisema. "Nitaufuata hukohuko."

Dada akamtazama Fundi. Fundi akaitazama injini, akaanza kuhesabu ni matangi mangapi ya mafuta mpaka huko.