Antivairasi ya Zamani Kwenye Kompyuta ya Binti Yangu

Ilianza na maneno ya msusi. Alikuwa amenishika kichwa, chanuo mkononi, akasema kompyuta ikishawekwa mfumo mpya inakaa uchi, antivairasi za zamani zote zinakufa na virusi vinaingia vinavyotaka. Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema, "Watu wanasema." Nikarudi nyumbani maneno yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Binti yangu anatarizi kwa mashine: nembo za shule, majina kwenye mashuka, vitambaa vya meza. Huchora kwanza kwenye kompyuta, mchoro ukaenda kwenye mashine kwa flashi, na sindano ikaufuata. Kazi zake zote zilikuwa humo. Humo pia mlikuwa na maua na ndege aliowabuni mwenyewe, ambao hawajashonwa popote. Karakana moja kubwa ya sare ilikuwa inatafuta mchoraji, na bosi wa pale, mama asiye na masihara, alimwambia, "Nembo kila mtu anaiga. Niletee kitu cha kichwani mwako." Ndege wale ndio wangempa kazi.

Mashine ilikuwa imeanza kugoma kusoma michoro, kwa hiyo fundi wa kompyuta akasema mfumo wa kompyuta ndio umepitwa na wakati, akatuwekea mpya. Antivairasi yetu ilipofunguliwa ikaandika kwamba haiendani na mfumo huo. Fundi hakushtuka.

"Hii imeshazeeka, mama. Mfumo mpya umekuja na kinga yake. Iacheni ifanye kazi, msiizime."

"Kwa hiyo haiko uchi?"

"Nani kakwambia iko uchi?"

"Watu wanasema."

"Hao watu wana kompyuta?"

Binti yangu alicheka mpaka uzi ukamponyoka. "Mzoee tu, fundi. Huyu pasi anaizima, anafika getini, anarudi kuiangalia."

Sikutulia. Antivairasi ya zamani ilikuwa na alama ya kijani pembeni mwa kioo. Nikiiona, moyo unatulia. Hii kinga mpya ilikaa kimya, nami nitajuaje kama iko macho? Kila nikipita nyuma ya kiti cha binti yangu nauliza, "Kile kijani kiko wapi?"

Mwishowe akachoka. "Haya mama, nakurudishia kijani chako upumue."

Akatafuta mtandaoni. Likaja tangazo lenye picha ileile na jina lilelile, limeandikwa kwamba sasa inaendana na mifumo yote mipya. Lilimtaka kwanza azime kinga ya mfumo, eti zisigombane. Hilo lilituingia akilini, maana hata fundi aliwahi kusema antivairasi mbili hazikai nyumba moja. Akazima. Akabonyeza. Kijani kikatokea, nikamshukuru Mungu, nikaenda kumimina chai.

Niliporudi na kikombe, majina ya michoro yalikuwa yanageuka mbele ya macho yake, moja baada ya jingine, yanakuwa herufi zisizosomeka. Akibonyeza, haufunguki hata mmoja. Kisha ukatokea ukurasa unaodai malipo ili tufunguliwe.

"Mama, usiguse kitu," alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Si kuna nakala kwenye flashi?"

Aliiangalia tu. Flashi ilikuwa imechomekwa palepale. Iliwahi kupotelea kwenye vipande vya vitambaa, tukaisaka kutwa nzima, nami nikaifunga kwenye mguu wa meza kwa uzi mrefu wa kutarizi. Tangu hapo ikitoka kwenye mashine inarudi kwenye kompyuta, inakaa hapo. Na michoro iliyokuwa ndani yake ilikuwa imegeuka kama mingine.

Fundi alikuja, akakata mtandao, akainama kwenye kioo muda mrefu.

"Hii siyo antivairasi. Ni kirusi kimevaa nguo zake. Nani alizima kinga?"

"Mimi," binti yangu akasema. Hakusema alizima kwa ajili ya nani.

"Na tukilipa?" nikauliza.

"Wanaweza kula na wasifungue, mama. Mimi siwashauri."

Akafuta kila kitu, akaanza upya.

Nembo tulizirudisha. Nilipita kwa majirani kuazima masweta ya shule, wakanitania, "Mama, unarudi darasa la ngapi?" Binti yangu akayatandaza mezani, akawa anafuata mishono kwa ukucha na kuchora nembo moja moja upya. Lakini ndege hawakuwa kwenye sweta la mtu. Karakana ilimsubiri, kisha ikamchukua mwingine.

"Wachore tena, mwanangu," nilimwambia.

"Nikiwakumbuka, mama."

Bado anatarizi nembo. Ndege hajawachora.

Nawaandikia kina mama wenzangu, na yeyote mwenye mtoto anayepata riziki kwa kompyuta. Epukeni haya:

Msiilazimishe antivairasi ya zamani kwenye mfumo mpya. Ikisema haiendani, itoeni.

Msizime kinga iliyokuja na mfumo kwa sababu programu nyingine imewaambia.

Msichukue antivairasi kwenye tangazo, hata kama picha yake mnaijua. Ulizeni fundi kwanza, au nendeni kwa walioitengeneza.

Msiamini rangi ya alama.

Msimsumbue mtu aliye kazini kwa hofu ambayo hamjui imetoka wapi.

Msiiache flashi ya nakala kwenye kompyuta. Ikimaliza kazi, ichomoeni, muiweke kabatini.