Safari za Kichwa cha Kinyozi

Watu husema kinyozi hajinyoi, wakishasema huenda zao. Huyu wetu aliuchukua msemo huo akaufanya tiketi ya basi. Kila nywele zake zilipogusa masikio, alifunga kibanda chake cha kunyolea, akatia shati moja mkobani, akamuaga mkewe: "Mama watoto, nakwenda kunyolewa."

Vinyozi wengine walikuwepo mtaani, mmoja mlango wa pili tu. Lakini kumkabidhi mpinzani wako kichwa huku ameshika wembe si jambo la mtu mwenye akili zake. Isitoshe, hakuna walichokijua ambacho yeye hakukijua. Basi akawa anakwenda kunyolewa mbali: safari hii mji wa milimani, safari ijayo mji wa mpakani, nyingine kule treni inakogeuzia.

Aliipenda nchi yake kupita kiasi, wala hakuona haya kusema hivyo. Ila habari za kupiga picha maporomoko hakuzitaka. Imani yake ilikuwa kwamba anayetaka kuujua mji asiwaulize wakubwa. Akae kwenye kiti cha kinyozi, afungwe kitambaa shingoni, anyamaze. Mwenyeji akishashika mkasi hana siri. Atakwambia kisima kipi kimekauka, nani kakimbiwa na mke, na kwa nini soko lilihamishwa usiku usiku. Akirudi nyumbani humsimulia mkewe mpaka chai inapoa, mkewe akichambua maharage na kuitikia "enhe" pale panapostahili.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Upara ulimwanzia utosini, ukashuka kwenye paji, mwisho ukahamia moja kwa moja na mizigo yake yote. Safari ya mwisho aliyokwenda, kinyozi wa huko alimpitishia mashine mara moja, akapuliza, akasema, "Tayari, mzee."

"Tayari nini? Hata salamu hatujamaliza!"

"Sasa ninyoe nini, mzee wangu?"

"Ndevu basi."

"Ndevu zipi?"

Kumbe alfajiri ile, kwa majivuno ya ufundi, alijinyoa kidevu mwenyewe ili asionekane mchafu kituoni. Akainuka kitini mji haujamwambia neno. Aliporudi, mkewe alimuuliza kuna nini huko. Akajibu, "Kuna joto."

Tangu hapo mkoba ukakaa juu ya kabati. Wateja wake walianza kuona kwamba wananyolewa kimyakimya, kama wako msibani. Ulibaki mji mmoja ambao hajaufika, kule barabara kuu inakoishia, na aliutamani tangu ujana. Sasa aliogopa kufika na kuona kuta tupu, halafu afe hivyo hivyo, nchi yake haijamalizika.

Jioni moja aliyatoa yote moyoni. Mkewe alisikiliza, akasukuma ungo pembeni.

"Kwa hiyo tatizo ni kichwa?"

"Kichwa, mke wangu."

Mkewe akavua kilemba. Nywele zikamwagika, nyingi, nzito, na mvi zake mbili tatu. "Mimi ninacho."

"Wewe? Ungependa kwenda?"

"Umewahi kuniuliza?"

"Nilidhani safari zinakuchosha."

"Zinanichosha kusimuliwa," alisema mkewe.

Wakaenda. Njia nzima mama alikuwa dirishani, na kila kilima alikiuliza jina. Walipofika waliitafuta saluni ya kusuka. Kinyozi akatangulia kuingia kama alivyozoea, msusi akamzuia mlangoni.

"Baba, hapa wanawake tu. Benchi hilo hapo nje."

Akaketi nje, amekumbatia mkoba wa mkewe. Kunyoa ni dakika chache. Kusuka kunataka mchana kutwa, na mchana kutwa alisikia vicheko. Vicheko alivistahimili. Kilichomtesa ni minong'ono, maana kama kuna mtu anayejua thamani ya mnong'ono ni kinyozi. Akasogeza sikio dirishani. Msusi akaongeza sauti ya redio.

Jua limeshapoa ndipo mkewe akatoka, mistari ya kichwani imenyooka kama matuta ya shamba.

"Enhe?" aliuliza kinyozi.

"Enhe nini?"

"Wamesema nini?"

"Mengi," alijibu mkewe, akashika njia bila hata kuuliza inakoelekea.

Alimpitisha nyuma ya soko kwenye nyumba ambamo ndugu wawili walinuniana hadi wakajenga ukuta katikati ya jiko. Akamwonyesha, kwa kidevu, duka la mama aliyekataa wachumba wote wa mji na bado wanakuja kununua sabuni wasiyoihitaji. Mengine alisema ameapishwa, hawezi. Kinyozi alimfuata nyuma na mkoba wake, wivu unamkaba. Maskini, nchi yote ile aliyoizunguka, kumbe alikuwa ameijua nusu, ile ya wanaume.

Asubuhi yake, kwenye nyumba ya wageni walikolala, alimkuta mkewe ameketi kitandani, anafumua.

"Mama watoto! Si umesukwa jana?"

"Zimenibana."

"Na basi la kurudi nyumbani linaondoka sasa hivi!"

"Nirudi nyumbani na kichwa hiki? Majirani wanionaje?" Alivuta msuko mwingine, akaufungua taratibu. "Ule mji wa milimani uliokuwa ukinisimulia, wasusi wapo?"

Kinyozi alifurahi mpaka akageuka ili machozi yasionekane. Kisha akapanda kitandani, akaketi nyuma ya mkewe, na vidole vyake vilivyokata nywele maisha yake yote vikaanza kufumua, haraka haraka, kama vya mtu anayeogopa kuachwa.