Mapipa ya Bwana Afya

Bwana Afya alikuwa amepiga goti juu ya mfuniko wa pipa la pili, akikaza kamba, wageni waliposimamisha baiskeli zao wakaanza kumpigia makofi.

"Huyu ndiye shujaa wetu!" kiongozi wa msafara alitangaza. "Kila mnachoacha chooni, yeye anakishusha mpaka barabarani, lori linakipeleka kwenye shimo la mji. Milima tunaiacha kama tulivyoikuta."

Walikuwa kumi na mmoja, watu wa mjini wenye ofisi zao, waliokuja kuendesha baiskeli milimani siku tano bila kuchafua chochote. Neno SAFI liliandikwa vifuani mwao kwa herufi za kijani. Mama mmoja mwenye miwani ya rangi alipiga makofi kuliko wote. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametoka chooni bila kumwaga hata kopo moja la maranda, akaacha kila kitu wazi, nzi wakasherehekea.

Jina la Bwana Afya alipewa na wapagazi kwa utani, likamganda. Kazi yake ilikuwa choo. Kusimamisha hema, kuweka pipa chini ya kiti, kumwaga maranda na majivu, kufunika, kufunga, kupakia kwenye punda. Miaka minane sasa. Wenzake walikula mbali naye, naye hakujali. Kinyesi hakikumtia kinyaa. Kilikuwa mzigo kama mizigo mingine, tena usiovunjika ukianguka. Kucha zake zilikuwa fupi na safi kuliko za mpishi, na hakumwacha mpishi asahau hilo.

Wageni walipopotea kwenye kona, kiongozi alirudi nyuma.

"Mzee, leo punda habebi mapipa. Baiskeli ya yule mgeni mrefu imekatika uma wa mbele, na ile si baiskeli ya mchezo. Punda ataibeba yeye."

"Na mapipa?"

"Kayamwage korongoni. Kwani si ndiko yanakoenda?"

Bwana Afya alicheka. Alidhani anataniwa.

"Mzee wangu," kiongozi alisema akitazama saa, "shimo la mji ni saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Dereva anamwaga pale kona ya juu ya barabara, siku zote. Ulifikiri mapipa yanarudi matupu kabla ya chakula cha mchana kwa miujiza?"

Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Ni kweli, mapipa yalikuwa yakirudi mapema. Miaka minane yalirudi mapema, na yeye aliyapokea, akayasuuza, akamsifu dereva kwa mwendo wake mzuri. Alisimama pale akijiona mjinga, na ujinga huo ulikuwa na ladha mdomoni.

Alikata mti, akatengeneza mzega, pipa moja mbele, moja nyuma. Akashuka nao kwa njia ya mkato mpaka kona ya juu, akautua, akachungulia korongoni.

Karatasi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba kama nguo zilizoanikwa na mtu asiye na haya. Chini yake kulikuwa na tope jeusi linalotoa mapovu. Ndani ya tope aliyaona maranda, tabaka juu ya tabaka, ya msimu huu na ya misimu iliyopita. Aliyatambua. Hakuna mtu mwingine aliyebeba maranda milimani huku. Aliyachagua mwenyewe kwa fundi seremala, akikataa yenye vipande vikubwa. Maji membamba yalipita katikati ya uchafu ule, yakateleza juu ya mawe, yakashuka. Hakuhitaji kuyafuata ili ajue yanakokwenda.

Bwana Afya alitapika. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aanze kazi ile, na alitapika mpaka machozi yakamtoka.

Chemchemi ya kijiji chao ilikuwa chini kidogo, kando ya njia. Dada yake alikuwa ameinama pale, dumu likijaa. Alipomwona kaka yake na mzega begani akaangua kicheko.

"Leo punda ni wewe? Tua hapo, kaka, jasho linakumaliza. Kunywa maji."

Akachota kwa kikombe, akamnyooshea. Maji yalikuwa maangavu. Hilo ndilo lililomchefua zaidi, jinsi yalivyokuwa maangavu.

"Siyataki. Na wewe usinywe. Yamwage."

"Umeanza lini kuchagua maji?"

Akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama, haraka haraka, akitazama miguu yake. Alipomaliza, dada alikiinamisha kikombe taratibu mpaka kikawa kitupu.

"Mwaka jana tulipoharisha nyumba nzima," alisema, "mpaka mama akabebwa kwa machela, ulikuja ukanifokea mbele ya watoto wangu. Ulisema sijui kuosha mboga."

"Nakumbuka."

"Basi nikawa naziosha mara tatu. Kwa maji haya haya, kaka. Mara tatu."

Bwana Afya alitamani ardhi ipasuke. Dada yake alilipindua dumu kwa mguu, likaanza kujimwaga njiani.

"Sasa nikateke wapi? Niambie, wewe bwana afya."

Aliinua mzega akaendelea kushuka.

Barabarani wageni walikuwa wakila mkate na matunda kwenye meza ya kukunja, mikono yao ikinukia sabuni. Lori lilikuwa limeegeshwa kando, tayari kuwarudisha mjini. Bwana Afya alipita katikati yao bila salamu, akapandisha mapipa nyuma, akapanda, akakaa kati ya mabegi yao.

Kiongozi alimjia mbio, tabasamu likiwa bado limesahauliwa usoni.

"Mzee, unafanya nini? Hapo watakaa wageni!"

"Wakae. Tunakwenda shimo la mji."

"Shusha mapipa, la sivyo msimu ujao usinijie. Nakwambia mbele ya watu."

"Mbele ya watu hao hao waambie kuna nini pale kona ya juu. Dada yangu anakunywa maji ya pale. Mama yangu anakunywa."

Mama wa miwani ya rangi alikuwa wa kwanza kusema.

"Lakini baba, si mngefukia tu? Huko juu nani angeona?" Alisema kwa upole, kama mtu anayesaidia.

Bwana Afya alimtazama, mkate mkononi, SAFI kifuani, na kinyaa kikamshika. Mapipa hayakuwahi kumfanya hivyo.

"Chako kimo humu, mama. Cha leo asubuhi. Ulisahau kukitilia maranda."

Mkate ukarudi kwenye sahani.

Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani. Alimtazama kiongozi, kisha chemchemi kule juu, kisha mapipa. Miaka minane alikuwa amemwaga kwa mkono wake.

"Hilo shimo la mji," alisema kwa sauti ya chini, "liko upande gani?"

"Mimi nilidhani wewe unalijua," Bwana Afya alisema.

"Sijawahi kufika."

Wote wawili walimgeukia kiongozi, na kiongozi akatazama viatu vyake.

"Tutauliza njiani," alisema Bwana Afya.

Injini ikanguruma. Wageni walikuwa bado barabarani, kofia zao ngumu mikononi, wakisubiri mtu awaambie wapande au wasipande. Bwana Afya aliyabana mapipa kwa magoti, akakandamiza viganja juu ya mifuniko, na lori lilipotikisika alihisi uzito ukicheza humo ndani.