Makofi ya Geti

…geti, eti geti, amesema geti, Pacha mwenyewe, kipaza sauti mkononi na meno yote nje, "tulikaa, tukajadiliana, tukakubaliana geti kwanza," na wageni waliotoa pesa wanapiga makofi, walimu wanapiga, uwanja mzima wa shule unapiga, tulikaa lini wewe, tulikaa wapi, kiranja wa wasichana anamuuliza kimoyomoyo, macho hayambanduki msaidizi wake, huyo huyo waliyeitwa pacha naye kwa kutoachana, waliyekuwa wakishikiana sweta chooni, maana choo cha wasichana hakina mlango, kina uwazi tu, mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ametandaza sweta na kuwafukuza wavulana kwa maneno makali, na kwa maneno makali Pacha hakuwa na mpinzani, leo ulimi huo huo… kikulacho ki nguoni mwako, hayo bibi aliyasema mpaka akachosha watu, nani alimsikiliza… "wanafunzi wenyewe, wageni wetu, wenyewe!" mwalimu mkuu anadakia, naye si ndiye aliyeingia darasani akakalia dawati, magoti yamemfika kifuani, "Shule ni yenu, wanangu, chagueni kitu kimoja nikiombee pesa," na kiranja alimwamini, jamani, alimwamini kama baba, akapita madarasani akibembeleza watu waseme, hasa yule mdogo wa kidato cha kwanza asiyekunywa maji kutwa nzima ili asiende chooni, "Sema tu, mdogo wangu, safari hii tunasikilizwa," "Dada, si watanicheka?" "Akucheke nani na mimi nipo?" akasimama, milango, mwalimu, ya vyoo vyetu, wavulana wakacheka, kisha mikono yote ikanyooshwa, milango, mwalimu mkuu akasema hongera kiranja, una uongozi, kumbe kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho wiki nzima… geti lenyewe zuri, hilo halikanushiki, la bluu, jina la shule kwa herufi za chuma, makomeo mawili, mawili!… na Pacha jana aliitwa ofisini, "Ah, mambo ya ratiba tu, shoga," alihongwa nini, labda hakuhongwa kitu, labda aliambiwa binti mwerevu kama wewe, basi, na hilo ndilo linalochoma, kwamba amenunuliwa bure… atasimama, atapiga kelele, atasema uongo mtupu, sasa hivi, makofi yakiisha tu, lakini hayaishi, na mstari wa mbele yule mdogo amegeuza shingo, hatazami geti, hamtazami Pacha, anamtazama yeye, dada yake, bila hasira, afadhali ingekuwa hasira, kwa mtoto huyu hakuna Pacha wala mwalimu mkuu, aliyemwambia aseme ni mmoja, na macho yake yameshuka, yanatazama mikono, na kiranja anayafuata, anaiona mikono yake mwenyewe, inapiga, pa, pa, pa, sambamba na ya wenzake.