Amen ya Mwalimu Apollinaire

Mwalimu Apollinaire alitufundisha Kingereza mwaka muzima pale Butembo, na mwaka muzima sikusikia mutu mwingine amalize sentensi. Siko nasema uongo. Unafungua mudomo, yeye ameshaingia ndani na biatu byake. Mais kitu alipenda kutufundisha kupita byote, mutacheka, ni namna ya kukata mwenzako maneno kwa adabu.

"Baingereza habakatake mutu maneno hivi hivi," alikuwa anasema, mukono kwa kravati yake nyekundu. "Unainua kidole kidogo. Unainamisha kichwa. Unasema polepole: Excuse me, may I come in here? Ni kama kupiga hodi kwa mulango ya mutu."

Basi tulipiga hodi. Batu bazima, bengine na diplôme yao, bidole juu, tunabembeleza ukuta. Ukuta, ndiyo, sababu yeye mwenyewe hakukubali kupigiwa hodi. Ukijaribu kwake, anafunga macho na kuongeza sauti. Nilimuzarau toka mwanzo na sioni haya kusema.

Siku moja Mama Syauswa, mwenye ile salle tuliyokuwa tunasomea, alikuja na ufagio wake kulalamika kwamba tunaacha biti byake bya kukalia inje kwa mvua. Mama mwenye heshima, anatuletea na maji ya kunywa. Alisema tu, "Mwalimu, niko na neno," na Apollinaire, bila kugeuka, akapiga ile sauti yake ya shemasi:

"Bwana asifiwe!"

"Amen," mama akajibu.

Angefanya nini? Kwetu hakuna mutu anasikia Bwana asifiwe akaendelea na maneno yake. Utajibu tu, na ukishajibu umenyamaza, na ule aliyeita njo anakamata neno. Hata mimi, mutoto wa Kiislamu, ile Amen ilinifika kwa meno. Apollinaire akarudi kwa ubao wake. Sasa kidole kidogo kilikuwa wapi? Kumbe hodi ni ya Baingereza, Mama Syauswa anafungiwa mulango kwa uso. Aliondoka na ufagio wake, na sisi tukaendelea kujifunza adabu.

Mimi sikuwa pale kwa mchezo. Baba yangu Amisi ana Fuso, anabebaka maharagi na biazi kutoka Musienene mupaka Beni. Aliniambia wazi: "Sifa, mwaka moja. Kingereza kisipokupatia kazi, unaenda Kayna kwa baba yako mudogo Yassini, umusaidie kwa dépôt yake ya maharagi." Maharagi sichukii, nakulaka kila siku. Mais ile dépôt naijua. Dirisha moja, mizani, na baba mudogo Yassini anaongea kutoka asubuhi mupaka anafunga. Ningeingia pale na mudomo, ningetoka bubu.

Donc siku Hénock, mwenzangu wa ile club yetu ya Kingereza, aliposikia kwamba organisation moja kule Beni inatafuta mukalimani wa Kingereza, mutu mumoja tu, nilikimbia kuandikisha jina. Mwalimu wetu alikuwa anajua ile habari zamani. Hakutuambia. Tulipofika siku ya mutihani, kule Beni, kwa nyumba ya commune ya Beu, nani amekaa kwa kiti cha mbele, kravati nyekundu, numero ya mutihani imebandikwa kwa kifua?

"Nimekuja kubasindikiza," alituambia.

"Na ile numero, mwalimu?" nikamuuliza.

"Ah, ile, ni formalité, desturi tu."

Formalité! Mutu mukubwa hivi, uongo mudogo hivi.

Batu ba kutupima balikuwa babili. Madame Jessica alitoka Kampala, mwanamuke wa miwani na uso bila haraka. Pembeni yake Monsieur Mukendi, mukubwa wa serikali waliyemutuma kwetu kutoka Kasai. Yeye Kingereza hajui hata chumvi, mais kila Apollinaire akikohoa, alitikisa kichwa kama mutu anasikia utamu.

Madame Jessica alieleza kazi. Watu wa quartier moja banakataa fasi ya robinet mupya ya maji: mukalimani atafanya nini kwanza? Tuzungumuze sisi kwa sisi, kwa Kingereza, yeye atasikiliza. Mwenye hatasema kitu hatamuhesabu. Na chai ikiingia, mazungumuzo imeisha.

Apollinaire akakamata neno.

Jamani. Alianza na Umoja wa Mataifa, akapita kwa adabu ya Baingereza, akazunguka kwa maisha yake mwenyewe na magumu aliyopita. Robinet hakuikaribia hata kidogo. Pembeni yangu Hénock aliinua kidole kidogo, akainamisha kichwa. "Excuse me, may I..." Apollinaire akafunga macho, akaongeza sauti. Hénock akangoja, kidole juu, akajaribu tena, sauti ikazidi kupanda. Maskini, alikuwa mwanafunzi muzuri sana. Alikaa na kile kidole kama mutu anayepima upepo.

Na mimi nilijaribu. Nilipiga hodi kwa kila njia aliyonifundisha. Nilisema samahani, nilisema naomba kuongeza, nilisema kama unaruhusu. Alinisikia, muongo yule! Niliona jicho lake linafunguka kidogo, linanitazama, linajifunga tena. Pale hasira ikanipanda mupaka kwa masikio. Hatukufundishwa kuingia, tulifundishwa kungoja kwa mulango, na mwenye kutufundisha njo alikuwa na ufunguo.

Nikasikia bikombe inje. Madame Émérance wa cuisine alikuwa kwa mulango na thermos ya chai na sahani ya beignets, anausukuma na kiuno. Nikaona Kayna. Niliona lile dirisha, naapa, na mizani.

Nikasimama, nikafungua koo yote:

"Bwana asifiwe!"

"AMEN!"

Bote balijibu. Hénock alijibu, kidole bado juu. Monsieur Mukendi alijibu na akasimama nusu, akifikiri maombi imeanza. Madame Émérance alijibu kwa mulango na akasimama pale pale na thermos yake. Na wa kwanza kuliko bote, kwa sauti ya shemasi, macho yamefunguka pee, alijibu Mwalimu Apollinaire. Akishajibu, hakuwa na kitu mudomoni.

Sikungoja avute pumzi. Nikasema kwa Kingereza yangu ya mwaka moja: "Mimi ningeenda kwanza kwa bamama wenye kuchota maji. Ningeuliza sababu gani banakataa. Halafu ningefunga mudomo mupaka bamalize." Nikakaa.

Chai ikawekwa kwa meza.

Madame Jessica alivua miwani. Aliuliza ile neno ni nini, mupaka kila mutu amejibu vile. Apollinaire akaanza kueleza, na mama yule akamunyooshea kiganja, hivi, bila kupiga hodi hata kidogo, akaniangalia mimi. Nikamujibu kwamba ni hodi ya kwetu, tunaipigaka kwa batu bazito kufungua. Alicheka mupaka akapangusa macho. Walipomaliza beignets, jina lililosomwa lilikuwa langu.

Apollinaire alinifuata inje, kravati imepinda.

"Ulinifanyia ujanja, Sifa. Na tena kwa jina la Bwana wangu!"

"Ulimutumia kumunyamazisha Mama Syauswa," nikamuambia. "Mimi nilimuazima tu."

Akainua kidole, akafungua mudomo. Nikaenda zangu. Kwanza alistahili kujua namna inavyosikika kukatwa maneno.

Baba alikuwa kwa parking, anakunywa chai ya tangawizi pembeni ya Fuso. Nilimueleza yote, na nilipofika kwa ile neno sauti yangu ikapungua. Akaweka kikombe chini.

"Wewe, mutoto wangu, mbele ya batu, ulisema Bwana asifiwe?"

"Ndiyo, baba."

Aliangalia mipira ya gari. Nikaogopa kweli, sababu baba yangu kwa mambo ya dini hachekake.

"Na huyo mwalimu alijibu?"

"Yeye njo alikuwa wa kwanza, baba. Na kwa nguvu."

Mashavu yake yakaanza kutikisika. Akatoa telefone, akapiga Kayna, na hata mimi nilikuwa nasikia baba mudogo Yassini, anaongea bei ya maharagi, barabara, muke wake, bei tena.

"Yassini," baba akasema. "Yassini, ngoja. Yassini, ndugu yangu, samahani. Yassini!"

Wapi. Baba akaangalia telefone, akaniangalia mimi, akaangalia kushoto na kulia kama kuna mutu wa musikiti karibu. Halafu akaleta telefone kwa mudomo.

"Bwana asifiwe!"

Kayna ikanyamaza kimya.

"Sasa sikia," baba akasema. "Tafuta mutu mwingine wa mizani. Sifa hatakuja."