Uso wa Yelda kwa Mita Mia Nne

Muuzaji alipomwambia kwa mara ya tatu kwamba simu yake ingetosha, Müzeyyen aliiweka simu juu ya kaunta, akageuka kutazama nje kupitia kioo cha duka. Ng'ambo ya barabara lilikuwa duka la dawa alilolifanyia kazi miaka thelathini na mmoja. Dirishani palikuwa na karatasi ya maduka ya zamu: majina matatu, anwani tatu na namba tatu za simu, kwa ajili ya yeyote atakayeshikwa na homa usiku. Mpaka siku aliyostaafu, yeye ndiye aliyekuwa akiibandika karatasi hiyo kila jioni.

"Nisomee kwa simu hii jina la duka la pili," alisema.

Muuzaji, Oktay, mwanamume wa miaka arobaini na ushei aliyejipulizia manukato ya kuwatosha watu watatu, alicheka puani. Akaielekeza simu, akatanua vidole juu ya kioo chake, akatanua tena. Karatasi ikakua, ikawa kitambaa cheupe chenye sisimizi waliokanyagwa.

"Shangazi, duka si lile pale? Vuka barabara ukasome."

"Binti yangu hayuko ng'ambo ya barabara. Yuko melini, na meli haisimami."

Huo ulikuwa ukweli wote. Yelda, mtoto wake wa pekee, alikuwa ofisa wa tatu kwenye meli ya ngano. Meli zitokazo Bahari Nyeusi hupita kwenye mlango-bahari wa Çanakkale mchana na usiku bila kutia nanga, na mwenye ndugu ndani ya mojawapo huvuka kwa feri hadi Kilitbahir, pale maji yanapobanwa na nchi kavu, akapunga shuka ukingoni mpaka meli ipotee. Siku ya bahati meli hupita mita mia nne tu kutoka alipo.

Yelda alikuwa na miezi minane baharini. Mwezi wa pili wa safari, katika bandari ya mbali, kamba ya kufungia meli ilikatika ikachapa watu sitahani. "Nimekwaruzwa tu, mama," alisema kwenye simu. Tangu hapo hakutuma picha hata moja. Mara mtandao mbovu, mara kamera ya simu imeingia maji. Müzeyyen aliyeuza dawa za vidonda karibu nusu ya maisha yake aliwajua vizuri watu wanaosema wamekwaruzwa tu. Ijumaa meli ingepita ikielekea kusini. Hakutaka kitu kingine duniani ila kuuona uso wa mwanawe.

"Mpe anachotaka, Oktay," ilisema sauti nyuma yao. "Mpe kisabuni kimoja, twende zetu."

Aliyesema ni Turgay, mdogo wake Müzeyyen, daktari wa meno na mwenyekiti wa chama cha wapiga picha cha mjini. Alikuwa amekuja kama mtaalamu, na tangu waingie hakuwa ametoa mikono mifukoni. Kamera ndogo zote aliziita visabuni. Yake mwenyewe ilikuwa na lenzi ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na ilisafiri katika mkoba wake kwenye kiti cha mbele cha gari, imefungwa mkanda. Mke wake alikaa nyuma.

"Kisabuni ndicho ninachokitaka," alisema Müzeyyen.

"Dada, mimi si nitakuwepo? Nitampiga mimi."

"Mwezi wa tatu pia ulikuwepo."

Mwezi wa tatu, meli ilipopita, Turgay alipiga kweli. Alipiga meli, na ngome, na mawingu, na shakwe kumi na wanne waliopangika vizuri. Chama kiliipa picha ile nafasi ya kwanza, ikatiwa fremu, ikatundikwa kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki yake. Yelda alikuwamo pia: doa la rangi ya chungwa kwenye kona, dogo kuliko shakwe. Siku hiyo hiyo Müzeyyen alikuwa ameshika darubini ya marehemu mumewe, na mikono yake ikatetemeka, akaona kofia ya kazi ikichezacheza hadi meli ikapotea. Darubini haimbakishii mtu kitu. Picha unaweza kukaa nayo jikoni ukaiuliza maswali.

Kwa hiyo alikuwa amesoma. Wiki tatu alisoma maelezo ya watu wasiojulikana, akayaandika kwa safu kwenye daftari la mapishi, na kila lililosifiwa bila sababu akalifuta.

Oktay aliweka boksi jekundu mbele yake. "Hii hapa. Inavuta mara mia na ishirini. Mwezini kwenyewe utaona mashimo."

"Lenzi yenyewe inavuta mara ngapi?"

"Mia na ishirini, shangazi. Imeandikwa."

"Imeandikwa kwa herufi kubwa. Chini yake kuna herufi ndogo. Nisomee hizo."

Oktay hakuzisoma. Müzeyyen alivaa miwani akazisoma mwenyewe: lenzi ilivuta mara tano, mengine yote yalifanywa na kompyuta ya ndani, kwa kuitanua picha ile ile. Alikuwa amewahi kuona dawa za kikohozi za namna hiyo, boksi kubwa na kijiko kimoja cha dawa ndani. Hata hivyo hakuhukumu kwa boksi. Aliichukua kamera, akaielekezea karatasi ya zamu, akabonyeza. Sisimizi wale wale, ila sasa wenye rangi.

"Irudishe," alisema kwa upole.

Ya pili ilikuwa nzuri, nyembamba, ya rangi ya fedha, na lenzi yake ilivuta mara thelathini kikweli. Müzeyyen akatoka nayo mlangoni kwenye jua. Kioo cha nyuma kikawa cheusi. Alichokiona humo ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyekunja uso.

"Haina tundu la kuchungulia kwa jicho," alisema.

"Siku hizi nani anachungulia, shangazi? Hiyo ni ya akina babu." Oktay alimtazama Turgay, nao wakatabasamu kama watu waliosoma shule moja.

"Huyu anataka na kalamu ya wino humo ndani," alisema Turgay.

Müzeyyen alikuwa na njia yake ya kudharau. Aliinama, akachungulia ndani ya kabati la kioo la mbele, mahali penye vitu ambavyo muuzaji amevisahau, akanyoosha kidole. Kulikuwa na kamera nyeusi, nene kidogo kuliko nyenzake, boksi lake limepaushwa na jua hadi buluu yake ikawa kijivu.

"Hiyo ni ya maonyesho," alisema Oktay, na kwa mara ya kwanza aliona haya. "Toleo la mwaka juzi. Mfuniko umekwaruzwa. Kusema kweli naona aibu kukuuzia."

"Lenzi inavuta mara ngapi?"

"Arobaini," alisema kama anayekiri kosa.

Ilikuwa na tundu la kuchungulia. Müzeyyen alisimama mlangoni, akaegemeza kiwiko kwenye fremu, akaweka jicho tunduni. Barabara ikamjia, kioo cha dirisha kikamjia, mwisho karatasi.

"Duka la dawa la Gülnar," alisoma polepole, "nyuma ya soko la samaki. Namba inaishia kwa sitini na mbili. Na karatasi yenyewe imebandikwa upande. Msichana waliyemwajiri hajui hata kubandika karatasi."

Kwa kuwa ilikuwa ya maonyesho, bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya fedha. Oktay aliifunga kwa haraka, kana kwamba mteja mwingine angeingia akamwona.

*

Ijumaa saa kumi jioni jua lilikuwa nyuma yao, kama Müzeyyen alivyokuwa amehesabu. Ramani ya meli kwenye simu ilionyesha inakaribia kona ya Nara, juu kidogo ya hapo. Turgay alisimama ukingoni mwa Kilitbahir katika fulana yenye mifuko kumi na miwili. Miguu mitatu ya chuma ilikuwa imesimama, lenzi imekaa juu yake, na watalii wawili walikuwa wameshampiga picha yeye.

Müzeyyen alitoa kwenye kikapu mfuko wa maharage makavu, kilo mbili, akauweka juu ya ukuta wa mawe. Akaugonga katikati kwa ngumi pakawa na kishimo, akailaza kamera humo.

"Utapiga picha au utapika?" aliuliza Turgay.

"Mikono inatetemeka. Maharage hayatetemeki."

"Ukikutana na watu wa chama, usiseme ni dada yangu."

"Sijawahi kusema."

Kutoka kwenye kikapu hicho hicho alitoa jagi la maji, akaliweka miguuni. Kwao anayesafiri humwagiwa maji nyuma yake, aende kama maji na arudi kama maji, na kwa mwana mikono ya kumwaga ni ya mama. Yelda alimwagiwa maji mlangoni kila alipoondoka, tangu siku ya kwanza ya chuo. Meli inapopita, familia za mabaharia humwaga baharini.

Meli ilitokea, ndefu, yenye kutu mbavuni, ikaja taratibu. Ilipofika usawa wa ngome ililia mara tatu, na Müzeyyen akaweka jicho tunduni. Akavuta. Ukuta mweupe, ngazi, dirisha. Kibaraza cha nje cha chumba cha usukani. Mtu mwenye kofia ya rangi ya chungwa.

Na mbele ya uso wa mtu huyo, darubini.

Bila shaka. Mtoto alikuwa ofisa wa meli, na alikuwa akimtafuta mama yake ukingoni kwa kile alichofundishwa kutafutia vitu. Darubini kubwa nyeusi ilifunika kuanzia nyusi hadi mdomo wa juu. Mkono uliokuwa chini yake ulifunika kidevu.

Kando yake kamera ya Turgay ilikuwa ikitatarika kama cherehani. "Nimempata," alisema. "Arobaini na tatu. Nimempata vizuri kabisa." Akaanza kuzipitia nyuma ya kamera, na Müzeyyen hakuhitaji kutazama. Alijua zilikuwa darubini arobaini na tatu, zilizopigwa kwa ustadi mkubwa.

Kidole chake kilikaa kwenye kitufe bila kubonyeza. Meli ilikuwa inapita. Shuka alilolitundika ukutani lilipunga lenyewe kwa upepo, na Yelda hakuteremsha darubini. Angeiteremsha lini? Müzeyyen alilijua jibu. Yelda angeiteremsha maji yatakapomwagwa, maana hapo huweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kama alivyofanya mlangoni miaka yote. Na mikono ya kumwaga ilikuwa imeshika kamera.

"Turgay. Maji."

"Maji gani?"

"Jagi liko miguuni pangu. Mwaga."

"Maji humwaga mama, dada. Njoo umwage, mimi nitapiga."

"Ulipiga mwezi wa tatu." Hakuinua sauti na hakutoa jicho tunduni. "Mikono yako si ya mama, lakini ndiyo iliyo mitupu. Mwaga."

Ilichukua muda. Alimsikia akipumua kwa pua, akasikia jagi likikwaruza jiwe, akasikia sauti ya mtu mwenye fulana ya mifuko kumi na miwili akinong'ona, kwa aibu, maneno ambayo mama yao aliwanong'onea wote wawili. Maji yakaruka, yakang'aa, yakaanguka.

Darubini ikateremka.

Müzeyyen alibonyeza mara moja. Kisha akabonyeza tena, kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu.

Meli ilipokwisha kupinda, alikaa juu ya ukuta, akaikinga kamera kwa kiganja cha mkono wake. Alivuta picha karibu, akaitazama kwa muda mrefu. Kutoka sikio la kushoto hadi pembe ya mdomo ulipita mstari mwekundu, mnene kama uzi wa kushonea viatu. Macho yote mawili yalikuwepo. Alikuwa anacheka, amefungua kinywa kama alivyocheka akiwa na miaka sita, na upande wa kushoto, juu, kulikuwa na giza pasipopaswa kuwa na giza.

Hakulia. Alihesabu tu: macho mawili, pua, masikio mawili, kicheko.

Turgay alisimama nyuma yake, akainama. Alikuwa tayari kusema jambo kuhusu ukungu wa picha, kuhusu rangi, kuhusu visabuni. Aliichukua kamera mkononi mwake bila ruhusa, akaisogeza karibu na miwani yake.

"Meno mawili hayapo," alisema. "La pili na la tatu, juu kushoto. Na hili la nne, unaona linavyong'aa peke yake? Limefunikwa. Limefunikwa na nani, fundi magari?"

"Sijui."

"Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii, sijaona takataka kama hiyo. Rangi siyo. Umbo siyo. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona haya." Alikuwa amesahau kabisa lenzi yake ndefu, ambayo mmoja wa watalii alikuwa akiichungulia kwa upande usiofaa. "Akishuka aje kwangu kwanza. Kabla ya kwako. Mwambie."

"Mwambie mwenyewe. Ni mjomba wake."

Turgay aliendelea kuitazama picha, akibonyeza vitufe kwa kidole gumba kama mtu aliyeizoea.

"Hii ndude inavuta zaidi ya hapa?"

"Arobaini," alisema Müzeyyen, akaanza kuyarudisha maharage kikapuni. "Imeandikwa kwa herufi ndogo."